Frasila Mbili Hadi Kibo

Kabla Mzungu yeyote hajaandika habari za theluji ya Kilimanjaro, Mangi (chifu) Rungua wa Machame alikuwa amekwisha kutuma watu wakaichunguze. Alitumaini kwamba ule weupe wa kileleni ni fedha. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeuona mlima huo Mei 1848, alisimuliwa kwamba katika msafara mzima alinusurika mtu mmoja tu, Sabaya, naye alirudi mikono na miguu imeharibiwa na baridi. Fedha hakuileta.

Rebmann mwenyewe alitembea Uchaggani na mwavuli, bila bunduki. Kwa mvua za huko alifanya la maana, ila mwavuli haumfikishi mtu Kibo, kilele cha juu cha mlima huo. Mwaka 1871 mmisionari mwingine, Charles New, aliigusa theluji, huku wenzake waliovaa nguo nyepesi wakiwa wameshindwa na baridi njiani.

Misafara ya wakati ule ilikuwa na kipimo chake. Mpagazi alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi: majora ya nguo, shanga, nyaya za shaba. Hesabu hiyo ilitungwa kwa ajili ya njia za joto za kutoka pwani, ambako shuka moja ilitosha mchana na usiku. Mlimani mzigo uliwezekana. Shuka ndiyo haikutosha.

Mjerumani Hans Meyer, aliyetaka kufika kileleni, alijifunza kwa kushindwa. Mwaka 1887 ukuta wa barafu ulimrudisha kwa kuwa hakuwa na zana za kuupanda. Mwaka 1889 akaja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari wa Austria, pamoja na kamba na mashoka ya kukatia barafu. Lakini hila yake kubwa ilikuwa chakula. Aliweka kambi kwa ngazi, na wapagazi wakawa wanapandisha posho kutoka Marangu, hivyo jaribio moja likishindikana hakulazimika kushuka hadi chini. Oktoba 3 walifika ukingo wa kreta, wakarudi hoi. Oktoba 6 wakasimama kileleni. Kambi ya juu, kwenye mita 4,300 hivi, ililindwa na Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mtoto wa pwani, kwenye maji yanayoganda usiku! Vitabu vingi vinamtaja kwa sentensi moja, na hiyo ni dhuluma.

Baadaye vikajengwa vibanda, kile cha Kibo mwaka 1932, na Hifadhi ya Taifa ikaanzishwa mwaka 1973. Kuni zikapigwa marufuku, majiko ya gesi yakachukua nafasi yake. Leo mzigo wa kampuni anaobeba mpagazi una kikomo cha kilo 20, na mizani ipo getini.

Mavazi yalichelewa zaidi. Shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project, lililoanza mwaka 2003, bado huwaazima wapagazi bure makoti na viatu vya mlimani. Mgeni anayepanda kwa njia ya Machame huwa na suruali ya mvua, glavu na begi la kulalia; kijana aliyembebea hema aweza kuwa na raba zilizotoboka.

Kwa hiyo, msomaji unayepanga kupanda, usiishie kuuliza bei. Iulize kampuni wapagazi wake wanavaa nini, wanalala wapi na wanakula mara ngapi, na upate majibu kabla hujalipa.