Watu Wangapi Hufanya Genge?

Kwa miaka mingi wabunge wa Marekani walivutana juu ya hesabu inayoonekana ndogo: wahalifu wakifika wangapi ndipo waitwe genge? Sheria ya uhalifu ya 1994 ilisema watano au zaidi, na aliyetiwa hatiani angeweza kuongezewa kifungo cha hadi miaka 10. Hata hivyo waendesha mashtaka waliendelea kuegemea RICO, sheria ya 1970 iliyotungwa kwa kuwalenga Mafia.

Genge la MS-13 lilipozua hofu Virginia, mbunge wa jimbo hilo, Randy Forbes wa Republican, alipeleka muswada mwaka 2005 ulioshusha hesabu hadi watatu. Vijana watatu na makosa mawili, moja likiwa la kutumia nguvu, basi, genge hilo. Kifungo kisingepungua miaka 10, jaji apende asipende, na wenye miaka 16 au 17 wangeweza kushtakiwa kama watu wazima. Baraza la Wawakilishi liliupitisha Mei 2005 kwa kura 279 dhidi ya 144. Ukakwama Seneti.

Huko Seneti, Dianne Feinstein na Orrin Hatch, mmoja Democrat na mwingine Republican, walikuwa na muswada wao. Ule wa 2007 ulirudi kwenye watano, ukataka kila mmoja awe ametenda kosa, ukatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa polisi, waendesha mashtaka na kazi ya kuzuia uhalifu. Seneti iliupitisha Septemba bila kupingwa. Safari hii Baraza la Wawakilishi ndilo lililoukalia.

Bobby Scott, Democrat wa Virginia na jirani wa Forbes kwa jimbo la uchaguzi, alikuja na muswada usio na adhabu mpya hata moja. Alitaka polisi, walimu, viongozi wa dini na wazazi wakae pamoja, wapange namna ya kuwanusuru vijana kabla hawajajiunga na magenge, na serikali kuu igharimie mpango huo. Kwangu mimi Scott alikuwa na hoja nzito kuliko wenzake, maana kuua na kupora tayari ni jinai katika kila jimbo. Lakini mpango wa namna hiyo huchukua miaka kuzaa, na mzazi aliyefiwa anataka kesi isikilizwe sasa.

Hakuna hata mmoja kati ya miswada hiyo mitatu uliokuwa sheria kama ulivyoandikwa. Sehemu ya wazo la Scott, ya ruzuku za kuzuia uhalifu wa vijana, iliingizwa katika marekebisho ya sheria ya haki jinai kwa vijana yaliyotiwa saini Desemba 2018.