Vidole vya Shosho

Tarehe 9 Januari 2007, Steve Jobs alipanda jukwaani San Francisco kutambulisha iPhone ya kwanza. Kabla ya kuionyesha, alizisuta simu zilizokuwa sokoni: vitufe vyake vya plastiki vinakaa palepale siku zote, hata kama programu unayotumia haivihitaji. Dawa yake ilikuwa kuving'oa na kuacha kioo kitupu, kitufe kichorwe pale tu kinapotakiwa.

Miezi miwili baadaye, hapa Kenya, Safaricom ikazindua M-Pesa. Hiyo haikuwa na kioo wala picha. Ilikuwa orodha ya maneno tu: kutuma pesa, kutoa pesa, kununua kredo. Unachagua, unaandika nambari ya simu, kiasi, nambari ya siri, unathibitisha. Halafu unangoja meseji.

Sisi wa rika langu huiona menyu ile kama kitu cha kimaskini, kitu cha kuvumilia hadi simu janja zifike. Lakini ulikuwa uamuzi wenye akili. Menyu iliwekwa ndani ya laini, si ndani ya simu. Kwa hivyo haikujali una simu gani. Mwenye Nokia 1100, ile kabambe ya mwaka 2003 yenye tochi, aliona orodha ileile aliyoiona bosi wake. Hata kilichowekwa mbele kwenye huduma kilitoka kwa watu. Majaribio ya 2005 yalilenga wateja wa mikopo midogo, walipe madeni yao kwa simu. Wao wakaanza kutumiana pesa. Huduma ilipozinduliwa, wito wake ukawa kutuma pesa nyumbani.

Nyumbani huko ndiko aliko shosho yangu, Murang'a.

Shosho hasomi vizuri, na kwa miaka mingi sikujua, kwa sababu simu haikumuumbua. Alikuwa hasomi menyu, alikuwa anaihesabu. Chini mara moja, sawa, chini mara mbili, sawa. Gumba lake lilikuwa limekariri njia nzima kama miguu inavyojua njia ya kwenda mtoni gizani. Alilipa chama, alimlipa fundi, alimtumia dada yake kitu kidogo bila wajomba kujua. Nambari yake ya siri ilikuwa yake peke yake.

Mimi napenda skrini nyeusi, ikoni chache, na kutelezesha kidole badala ya kubonyeza. Nilidhani huo ni ustaarabu. Siku hizi naona ni mazoea tu, yaliyoachwa na simu zilizopita mikononi mwangu. Mazoea hukaa sana. Alama ya kuhifadhi faili kwenye programu nyingi bado ni picha ya disketi, na mimi sijawahi kuingiza disketi popote.

Mwaka 2013, Apple ilipotoa iOS 7, iliondoa ngozi, mbao na karatasi za manjano zilizokuwa zimechorwa kwenye programu zake, ikaacha rangi bapa na maandishi membamba. Hoja ilikuwa kwamba watu wameshazoea kugusa kioo, hawahitaji tena vitufe vinavyofanana na vitufe. Swali ni watu gani. Shosho hakuwa kwenye hesabu hiyo.

Hakuwa kwenye hesabu yangu pia. Krismasi moja nilimnunulia simu janja, picha kubwa, rangi tele, nikajipongeza. Kioo hakina mgongo wa kitufe wa kumwambia gumba limefika wapi, na ikoni zilihama kila alipozigusa vibaya. Kabla mwezi kuisha, nambari yake ya siri ilijulikana na kijana wa jirani, mama wa duka, na mimi. Hakuna aliyemwibia hata shilingi. Ila nilipomuuliza kama anaifurahia simu, alisema, "Ni nzuri, mjukuu wangu. Lakini sasa kila mtu anajua nina ngapi."

Tunapobishana ni simu gani ina muundo mzuri, huwa tunazungumzia macho. Shosho alikuwa anazungumzia siri. Muundo mzuri kwake ni ule unaomwacha afanye mambo yake bila kumwita mtu.

Pasaka nilimrudishia kabambe yake. Laini ilikuwa imekatwa ikawa ndogo, ikabidi nitafute kile kiplastiki cha kuishikilia. Tukabadilisha nambari ya siri. Akaiwasha, akaenda chini mara moja, sawa. Ilipofika pa kuandika nambari mpya, akanigeuzia mgongo nisione.

Nikatoka nje kabisa, nikamwachia nyumba.