Bei Iliyopigwa Mstari: Punguzo la Uongo katika Maduka ya Ala za Muziki

Punguzo la uongo ni tangazo linalomwaminisha mnunuzi kuwa bidhaa imeshushwa bei, ilhali ile bei ya juu haikuwahi kutozwa, au ilibandikwa siku chache tu ili tangazo lipate pa kushikia. Bei mpya ni ya kweli, kwa kuwa ndiyo mteja atakayolipa. Uongo umo katika bei ya zamani.

Nchini Marekani mtindo huu umestawi katika biashara ya magitaa na vinanda kwa sababu bei huwa na ngazi tatu. Kiwanda hutoa bei elekezi, ambayo ni nadra mtu kuilipa. Kisha huweka kiwango ambacho duka haliruhusiwi kutangaza chini yake. Ya tatu ni ile mteja anayoikuta kaunta. Duka likikokotoa punguzo kutoka ngazi ya kwanza, kila siku huwa ni siku ya ofa.

Tuseme kibandiko shingoni mwa gitaa kinasema dola 999, zimepigwa mstari, na chini yake kwa wino mwekundu: dola 599, okoa asilimia 40. Kama mwezi uliopita gitaa hilohilo liliuzwa dola 629, mteja ameokoa dola 30, hata asilimia 5 haifiki. Mwongozo wa tume ya biashara ya Marekani, FTC, uliotolewa mwaka 1964, unasema wazi kuwa bei ya awali iwe ile ambayo bidhaa iliuzwa au kutolewa kwa wateja kwa nia njema, na kwa muda wa kutosha.

Zipo mbinu ndogondogo pia. Bango la “hadi asilimia 60” huweza kuhusu nyuzi na mikanda tu, na kwenye kuponi huandikwa kwa herufi ndogo orodha ya chapa zisizohusika, mara nyingi zilezile zilizomleta mteja dukani.

Umoja wa Ulaya umefunga mlango huu vizuri zaidi. Tangu tarehe 28 Mei 2022, anayetangaza punguzo sharti ataje bei ya chini kabisa aliyotoza katika siku 30 zilizotangulia. Mwaka 2024 mahakama ya Umoja huo, katika kesi ya maduka ya Kijerumani ya Aldi Süd, iliamua kuwa hata asilimia ikokotolewe kutoka bei hiyo.

Kinachouma ni kwamba punguzo la kweli nalo limewahi kuzuiwa. Uingereza iliitoza Casio, kampuni ya vinanda, faini ya pauni milioni 3.7 mwaka 2019, na Fender, kampuni ya magitaa, milioni 4.5 mwaka 2020, kwa kuyabana maduka yasiuze mtandaoni chini ya bei iliyopangwa.

Kwa hiyo, msomaji, usiulize umepunguziwa kiasi gani. Uliza gitaa hilo liliuzwa bei gani mwezi uliopita, kisha linganisha na maduka mengine mawili kabla ya kutoa pesa.