Ufinyu: Istilahi ya Mwenye Kujijengea Kompyuta

Katika istilahi zote anazokutana nazo mtu anayetaka kujijengea kompyuta, kwa kununua prosesa kwa muuzaji huyu, kadi ya michoro kwa yule, na kasha lenyewe kwa fundi wa tatu, hapana yenye faida kubwa, wala iliyotafsiriwa kwa uzembe mwingi, kama ile ambayo Waingereza huitaja kwa mfano wa shingo ya chupa. Maana yake si ngumu. Katika kazi yoyote ipitayo mikononi mwa wengi kwa zamu, kasi ya kazi nzima huwa ni kasi ya yule aliye mzito kuliko wenzake, na wepesi wa waliobaki hauzidishi kitu ila muda wao wa kungoja. Watu wa Kilimanjaro waliijua kanuni hii kabla ya umeme kufika Moshi, kwa sababu ya mifongo, ile mifereji ambayo Wachagga waliichimba tangu zamani kuteremsha maji kutoka makorongo ya juu mpaka vihambani, kwenye migomba na kahawa. Mfongo ukiwa na upana wa dhiraa mbili kwenye chanzo, na dhiraa mbili shambani, lakini katikati ukapita penye jabali ambalo wachimbaji walishindwa kulitoboa zaidi ya shubiri mbili, mwenye kihamba cha chini atapata maji ya shubiri mbili, hata akiupanua mlango wake kadiri apendavyo.

Wako waliotafsiri neno kwa neno wakasema shingo ya chupa, nao wametupa chupa bila kinywaji, kwani msomaji asiyekijua Kiingereza hataona uhusiano wowote baina ya chupa na kompyuta inayoganda. Wako wasemao kizuizi, na wengine kikwazo. Lakini kizuizi huzuia, na kikwazo humkwaza mtu akajikwaa. Ilhali katika jambo tunalolieleza hapana kilichozuiwa, kazi inapita, ila inapita kidogo kidogo. Msongamano nao ni neno fasaha, walakini hutaja kinachotokea mbele ya mahali pembamba, si wembamba wenyewe. Mimi nachagua ufinyu, na sikulitoa mbali: kila mwenye kusikiliza hotuba za bajeti amesikia habari za ufinyu wa fedha, na kila mwalimu amelalamikia ufinyu wa vyumba vya madarasa. Fauka ya hayo, neno hili lina jamaa zake katika lugha, jambo ambalo shingo ya chupa haina. Kiungo kinachowachelewesha wenzake tutakiita kiungo kifinyu. Na kitendo chake tutakisema kwa kitenzi kile kile ambacho kila mtoto anakijua kwa maumivu ya mkono wake, kwamba prosesa inaifinya kadi, au kwamba kadi imefinywa na prosesa.

Dhana yenyewe ina umri unaokaribia umri wa kompyuta. Mwaka 1945 John von Neumann aliandika ripoti iliyoeleza mashine yenye sehemu ya kukokotoa na sehemu ya kumbukumbu, na mashine nyingi tunazotumia hata leo ni wajukuu wa maelezo yale. Mwaka 1977 John Backus, aliyeongoza uundaji wa lugha ya Fortran, alipotunukiwa Tuzo ya Turing alisimama akaulaumu urithi huo, kwa kuwa baina ya sehemu hizo mbili umewekwa mlango mmoja, na kila neno la kazi lazima lipite mlangoni hapo kwa zamu. Akauita mlango huo kwa istilahi hii hii tunayoitafsiri. Miaka kumi kabla yake Gene Amdahl alikuwa amekwisha kutoa hoja ambayo mnunuzi wa kadi ya michoro angefaa kuiweka mfukoni pamoja na fedha zake. Tuseme video ya harusi inachukua dakika 60 kurenda, yaani kutengenezwa ikawa faili kamili, na nusu ya muda huo ni kazi ya kadi, nusu ni kazi ya prosesa. Ukinunua kadi yenye kasi maradufu, utamaliza kwa dakika 45, si 30 kama ulivyotumaini. Na lau kungekuwapo kadi isiyotumia muda wowote, iliyo ghali kuliko nyumba, bado ungengoja dakika 30 za prosesa.

Sisi tuliingia katika mazungumzo haya tumechelewa, na sababu mojawapo inajulikana: mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, zuio lililolegezwa baadaye, na watu hawaundi maneno ya kitu wasichokishika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice, na heshima yake haipungui. Lakini maneno yake yalikuwa ya menyu na barua, ya mtu aketiye mbele ya kioo. Yaliyomo ndani ya kasha yaliachiwa mafundi, nao wakajisemea prosesa, madabodi na pawasaplai, na kwa insafu hapana ubaya wowote katika maneno hayo. Upungufu wao ulikuwa kwenye majina ya mambo yasiyoshikika.

Sasa tuitazame istilahi ikiwa kazini, tukianza na mchezo. Ili mchezo uonekane laini kwa fremu 60 kila sekunde, kila fremu sharti iwe tayari ndani ya milisekunde 16.7. Prosesa huanza kwa kuhesabu: nani yuko wapi, risasi imempata nani, gari limegeukia upande gani, kisha huipa kadi amri, na kadi huchora huku prosesa ikianza hesabu za fremu ifuatayo. Ikiwa prosesa yahitaji milisekunde 25 kwa hesabu zake, na kadi yahitaji 8 kwa kuchora, mchezaji ataona fremu 40 kwa sekunde, na kadi italala milisekunde 17 katika kila 25. Mchezaji huyu akienda Dar es Salaam, akazunguka maduka ya Kariakoo, akarudi Moshi na kadi ichorayo kwa milisekunde 4, ataona fremu 40 vile vile. Alichokinunua, kwa bei na nauli na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ni usingizi mrefu zaidi wa kadi.

Lakini ufinyu wa kompyuta hauko kama jabali lile la kwenye mfongo, ambalo halihami. Mtu huyo huyo akibadili kioo, akatoka kwenye kile cha pikseli 1920 kwa 1080 akaenda kwenye cha 3840 kwa 2160, idadi ya pikseli inapanda kutoka milioni 2 na kitu hadi milioni 8 na kitu, yaani mara nne kamili, na mzigo huo karibu wote unaiangukia kadi, maana hesabu za nani kampiga nani hazizidi kwa sababu ya ukubwa wa kioo. Ghafla prosesa iliyokuwa ikishutumiwa jana inatosha, na kadi ndiyo kiungo kifinyu. Hata kioo chenyewe kinaweza kuwa kifinyu: kikiwa cha kuonyesha mara 60 kwa sekunde, kadi itoayo fremu 140 imejichosha bure kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo swali la kwamba prosesa ipi ni nzuri halina jibu, mpaka muulizaji aseme atacheza nini na katika kioo gani.

Kuhariri video ni bahari nyingine, na hapa ndipo nionapo fedha nyingi za vijana wa Moshi zikipotea. Mwezi wa Desemba, Wachagga wanaporejea nyumbani kutoka pande zote, Machame na Kibosho na Marangu na Rombo hujaa harusi, ubatizo na kipaimara, na mpiga video aliyekaa miezi kadhaa akingoja kazi hupata kazi za wikiendi tatu zikigombea siku moja. Picha za 4K zinakwama anapozihariri, na wa kwanza kumshauri humwambia anunue SSD, diski isiyozunguka. Tupige hesabu. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inatoa megabaiti 12.5 kwa sekunde, na hata diski kuukuu ya kuzunguka husoma megabaiti 100 na zaidi bila taabu. Kama anahariri kamera moja, diski si kiungo kifinyu. Akiweka kamera nne kwa pamoja, moja madhabahuni, moja mlangoni na mbili kwa wageni, hapo diski ya kuzunguka inateseka, kwa kuwa sindano yake inarukaruka kutoka faili hadi faili. Hapo SSD ni dawa ya yakini.

Aghalabu ufinyu wa mhariri uko katika kuifumbua video. Kamera huibana picha kwa mfumo wa H.264 au H.265 ili ienee katika kadi ndogo ya kumbukumbu, na kila fremu haina budi kufumbuliwa kabla ya kuonekana. Prosesa za Intel zimetiwa kipande maalumu cha kazi hiyo, kiitwacho Quick Sync, tangu mwaka 2011, na kadi za michoro zina vipande vyao. Lakini si kila kipande kinajua kila mbano. Kamera nyingi za kisasa za Sony na Canon zaweza kurekodi H.265 ya biti 10 kwa mpango wa rangi wa 4:2:2. Kadi za Nvidia zilizotangulia mfululizo wa RTX 50 wa mwaka 2025 haziwezi kuufumbua mpango huo katika kipande chao, ilhali prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 11 na kuendelea zenye michoro ya ndani zinaweza. Matokeo yake ni kwamba prosesa ya wastani yaweza kumfaa mhariri kuliko kadi ya thamani kubwa. Na hapa pana herufi moja ya kuogopwa: prosesa ya Intel ambayo jina lake linaishia kwa F huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu haina michoro ya ndani, na kwa hiyo haina Quick Sync. Muuzaji hatakudanganya akisema ni kasi ile ile. Kwa mchezaji ni ile ile.

Juu ya RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, sitasema mengi. Ikitosha, kuiongeza hakuna faida. Isipotosha, mashine humimina ziada yake katika diski, nayo hugandia hapo hapo. Kwa 4K, GB 32 si israfu. Ila ziwe vipande viwili vya 16, maana kipande kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, na viwili katika milango miwili vinapitisha 51.2, ndiko kuupanua kidogo mlango aliolalamikia Backus.

Wengi katika mji huu hawaanzi na kasha tupu, bali na kompyuta ya ofisi iliyotumika ng'ambo, Dell OptiPlex au HP, na uamuzi huo una busara yake. Ufinyu wa mashine hizo ni wa umeme na nafasi. Zile nyembamba hukubali kadi fupi tu, pawasaplai yake ina umbo ambalo halibadilishwi kwa ya dukani, na tundu la kadi hutoa wati 75 basi. Kadi yoyote ihitajiyo zaidi ya hapo haina pa kujilisha. Anayekusudia kuikuza mashine kidogo kidogo afadhali atafute ile yenye kasha kubwa, akague waya za pawasaplai kabla ya kuuliza bei.

Upo pia ufinyu usioonekana mpaka dakika kumi zipite. Prosesa ikifika karibu na nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue, na kwa joto la Moshi mjini mwezi wa Februari, vumbi likiwa limeziba feni, jaribio la dakika mbili dukani halimwonyeshi mnunuzi kitu. Mashine ile ile ikipandishwa Marangu itarenda kwa raha zaidi.

Kabla ya kununua chochote, basi, mwenye mashine aipunguze picha ya mchezo wake hadi pikseli 1280 kwa 720 na azitazame fremu. Zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa finyu. Zisipopanda, ni prosesa. Asitegemee ile asilimia ya jumla inayoonyeshwa kwa prosesa, kwa kuwa prosesa ya viini 8 yaweza kuonyesha asilimia 20 na huku kiini kimoja kinachoubeba mchezo kimejaa pomoni. Autazame mzigo wa kadi, ambao ukikaa chini ya asilimia 90 mchezo ukiwa unakwamakwama, na fremu hazikuwekewa kikomo, ni dalili kwamba kadi inangojeshwa. Mhariri naye aifungue video yake nzito kuliko zote, aicheze bila madoido yoyote. Ikikwama hapo hapo, shida ni kufumbua, na aulize habari za Quick Sync. Ikienda vizuri ikaja kukwama baada ya kuwekewa rangi, aanze kuhesabu fedha za kadi.