Johannesburg: tiba ya viungo kwa mbwa wazee na wanyama wa kigeni

Mbwa anapozeeka katika majengo ya ghorofa ya katikati ya Johannesburg, dalili ya kwanza ya ugonjwa wake mara nyingi huonekana kwenye ngazi. Husita kabla ya kupanda, hupumzika katikati ya safari, au hukataa kabisa kwenda juu. Watu wengi hulichukulia jambo hilo kuwa uzee wa kawaida. Kwa madaktari wa wanyama, hiyo ni dalili ya kutiliwa shaka ya baridi yabisi, ugonjwa wa viungo usioponyeka kabisa, lakini ambao maumivu yake yanaweza kutulizwa kwa miaka mingi.

Maumivu ya viungo huwapata pia kasuku, kobe, sungura na wanyama wengine ambao madaktari huwaita wanyama wa kigeni, yaani wanaofugwa nyumbani lakini si mbwa, paka wala mifugo ya kawaida. Hao huyaficha maumivu kuliko mbwa, na dawa inayomfaa mmoja wao inaweza kumuua mwingine.

Jinsi ugonjwa unavyoanza

Ncha za mifupa inapokutana hufunikwa na gegedu, tabaka laini linalozuia msuguano. Gegedu likilika, kiungo huvimba, hukakamaa na kuuma, na mfupa mpya huota pembezoni mwake. Kwa mbwa, chanzo kikubwa ni nyonga au kiwiko kisichokaa sawasawa tangu ujana, jeraha la zamani la goti, na unene wa kupindukia.

German Shepherd, Rottweiler, Labrador na Boerboel, mbwa mkubwa mwenye asili ya Afrika Kusini, ni miongoni mwa aina zinazosumbuliwa sana na kasoro ya nyonga. Baadhi ya aina hizo ndizo zinazopendwa kwa kazi ya ulinzi. Mbwa wa ulinzi mwenye maumivu anaweza kuendelea na doria bila kulalamika, na ugonjwa ukagunduliwa akiwa tayari amelemaa.

Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1935 kuhusu wanyama wa maonyesho huwataka wanaofunza na kutumia mbwa wa ulinzi wawe na leseni. Sheria ya Ulinzi wa Wanyama ya mwaka 1962 nayo inamhesabu kuwa mkosaji mmiliki anayeacha kumtafutia mnyama wake matibabu ilhali ana uwezo wa kufanya hivyo.

Dalili za kuangalia

Mbwa mwenye baridi yabisi huamka kwa shida, hasa asubuhi na nyakati za baridi. Hilo lina uzito Johannesburg, jiji lililo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa mwezi Juni hadi Agosti huwa na baridi kali. Dalili nyingine ni kuchechemea, kulamba kiungo kimoja mara kwa mara, kukonda kwa misuli ya miguu ya nyuma, na ukali usio wa kawaida anaposhikwa.

Daktari hukipapasa na kukikunja kila kiungo, humtazama mbwa akitembea, kisha hupiga picha ya eksirei. Vipimo vya damu hufuata ili kujua hali ya figo na ini kabla ya kuanza dawa.

Uzito kwanza, dawa baadaye

Tiba yenye gharama ndogo kuliko zote ni kupunguza uzito. Utafiti uliofanyika Marekani kwa mbwa 48 aina ya Labrador, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa waliopewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliishi kwa wastani wa miaka 13, huku wenzao wakiishi miaka 11.2. Baridi yabisi pia iliwachelewa.

Matembezi mafupi ya kila siku hufaa kuliko mbio ndefu za mwisho wa wiki. Ndani ya nyumba, zulia juu ya sakafu ya vigae humzuia mbwa kuteleza, na godoro nene humkinga na baridi ya saruji. Katika majengo marefu, lifti ikiharibika au umeme ukikatika, mbwa mkubwa asiyeweza ngazi hubaki mfungwa juu. Wenye mbwa wa namna hiyo hushauriwa kutafuta makazi ya ghorofa za chini.

Dawa za kutuliza maumivu na uvimbe zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kama vile kaprofeni na meloksikamu, zimetumika kwa miaka mingi. Sindano ya kila mwezi iitwayo bedinvetmabu iliidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2020 na Marekani mwaka 2023. Mwezi Desemba mwaka 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani iliwatahadharisha madaktari kuhusu madhara yaliyoripotiwa kwa baadhi ya mbwa, yakiwemo kuyumba na degedege. Ni dawa ya kutolewa chini ya uangalizi wa daktari.

Hatari iliyomo kabatini

Hatari kubwa hutokana na huruma. Mtu humwona mbwa wake akiteseka, akampa kidonge alichonunua kwa ajili yake mwenyewe. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuziharibu figo zake. Parasetamoli ni sumu kwa paka, hata kwa kiasi kidogo. Dawa ya viroboto yenye fipronili, inayotumika kwa mbwa, inaweza kumuua sungura.

Mfano mkubwa wa tofauti hiyo ulitokea Asia Kusini. Tai mzoga waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki walikufa kwa kuharibika figo, na baadhi ya jamii za ndege hao zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. India, Pakistan na Nepal zilipiga marufuku matumizi ya dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Mwaka huo huo, watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Pretoria, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini, yaliyoonyesha kuwa meloksikamu haikuwadhuru tai. Dawa mbili za kundi moja, zinazotibu maumivu yale yale, zilitofautiana kama uhai na kifo.

Kasuku, kobe na sungura

Kasuku wa kijivu, ambaye misitu yake ya asili inaanzia Afrika Magharibi hadi Kongo na Uganda, anaweza kuishi zaidi ya miaka 40 akitunzwa vyema. Akisimama maisha yake yote kwenye kijiti cha unene mmoja, nyayo zake huota vidonda. Vijiti vya unene tofauti na lishe isiyo ya mbegu tupu humkinga.

Kobe na ndege hupata jongo, ugonjwa unaotokana na chembe za asidi ya mkojo kujikusanya viungoni. Ukosefu wa maji na chakula kisichomfaa mnyama huchangia. Mijusi na kobe wasiopata kalsiamu na mwanga wa jua, au taa maalumu inayotoa mionzi kama ya jua, hulainika mifupa. Joto nalo ni sehemu ya tiba, kwani mwili wa mtambaazi uliopoa hausagi chakula wala hautumii dawa ipasavyo. Wakati wa mgao wa umeme uliolikumba taifa hilo mara kwa mara tangu mwaka 2008, kuzimika kwa taa ya kobe kulikuwa jambo la kiafya.

Sungura mwenye maumivu ya mgongo au nyonga huacha kujisafisha, kisha huacha kula. Sungura asiyekula kwa muda wa nusu siku hadi siku moja anahitaji daktari kwa haraka.

Mahali pa kupata huduma

Anayetibu wanyama Afrika Kusini lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari wa Wanyama. Nchi nzima ina kitivo kimoja tu cha fani hiyo, kile cha Chuo Kikuu cha Pretoria kilichopo Onderstepoort tangu mwaka 1920, ambacho hospitali yake hupokea wagonjwa wanaohitaji mabingwa. Wenye kipato kidogo katikati ya Johannesburg wanaweza kukiuliza chama cha SPCA, chenye kituo upande wa Booysens, kusini mwa jiji. Kwa Afrika Mashariki, vitivo vya Kabete mjini Nairobi, Sokoine mjini Morogoro na Makerere mjini Kampala hufundisha fani hiyo hiyo.

Kabla ya kufuga

Anayeishi katika jengo lenye umiliki wa pamoja anahitaji idhini ya maandishi ya wadhamini wa jengo, ambao hawaruhusiwi kuikataa bila sababu ya msingi. Mwenye ulemavu anayehitaji mbwa wa kumsaidia huhesabiwa kuwa tayari amepewa idhini.

Kasuku wa kijivu aliingizwa katika daraja la juu la ulinzi la mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, kwenye mkutano uliofanyika Johannesburg mwaka 2016. Kobe bapa wa Kenya na Tanzania alifuata mwaka 2019. Kuvuka mpaka na wanyama hao bila vibali ni kosa, hata kama mwenye nao anarejea nyumbani.

Hufika wakati ambapo dawa hazitoshi tena. Madaktari humtaka mmiliki ajiulize kama mnyama bado anakula, anasimama mwenyewe, na ana siku njema nyingi kuliko mbaya. Majibu yakiwa hapana, kumpumzisha kwa sindano isiyo na maumivu huhesabiwa kuwa sehemu ya mwisho ya matibabu.