Mabwepande (makazi ya waathirika wa mafuriko)

Mabwepande ni kata ya Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, upande wa Bunju, karibu na msitu wa Pande. Mwanzoni mwa 2012 serikali iliwahamishia huko mamia ya familia zilizokumbwa na mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 mjini. Wengi walitoka bonde la Msimbazi: Jangwani, Kigogo na mitaa jirani, na kwa muda walikuwa wamehifadhiwa shuleni. Walianza kuishi kwenye mahema, wakapewa viwanja.

Kilichowasumbua zaidi ni umbali. Aliyekaa Jangwani alitembea kwa miguu hadi Kariakoo. Kutoka Mabwepande ni safari ya zaidi ya kilomita 30. Mama lishe aliyezoea kuwasha jiko alfajiri na kuuza chai na vitumbua kwa wapagazi alijikuta porini, wateja wake wamebaki mjini. Nauli ilikula faida kabla sufuria haijachemka. Ndiyo maana baadhi waliuza viwanja wakarudi mabondeni, jambo ambalo wakubwa waliliita ukaidi, ingawa hesabu yake ilikuwa nyepesi kueleweka.

Waliobaki walilazimika kuanza ujirani upya. Upatu, kuzikana na kukopeshana chumvi hutegemea watu wanaojuana, na mgao wa viwanja haukufuata nani alikuwa jirani ya nani. Jina “waathirika” nalo liliwaganda hata baada ya mahema kuondoka.