Gemu Kiganjani, Kikwazo Hewani

Sony ilipoanza kuuza PlayStation 3 mwaka 2006, iliwapa wateja ahadi tamu: mwenye PSP, kile kimashine chake cha mkononi, ataweza kuiendesha PS3 ya sebuleni akiwa amejilaza chumbani, bila waya. Huduma hiyo iliitwa Remote Play. Lakini PSP ilitumia Wi-Fi ya 802.11b, ambayo kasi yake ya juu ni megabiti 11 kwa sekunde, na katika matumizi ya kweli hupungua sana. Gemu zilizoweza kuchezwa kwa njia hiyo zilikuwa chache mno.

Tangu hapo wachezaji wamekuwa wakiilaumu kasi. Kwa maoni yangu, kasi imebebeshwa lawama isiyo yake. Filamu ya mtandaoni huhifadhi sehemu zijazo mapema, hivyo Wi-Fi ikisita kidogo mtazamaji hajui. Gemu haina akiba ya namna hiyo, kwa sababu picha inayofuata haipo mpaka mchezaji abonyeze kitufe. Kwa gemu ya picha 60 kwa sekunde, kila picha ina takriban milisekunde 17 tu. Amri ya kidole husafiri hadi kwenye mashine, picha huchorwa, hubanwa, hurudi hewani, hufunguliwa, ndipo jicho lione. Ikikawia njiani, shujaa anaruka akiwa ameshatumbukia shimoni.

Chanzo cha kukawia ni uamuzi wa mwaka 1985. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu mawasiliano yasiyo na leseni katika masafa kadhaa, yakiwemo ya gigahezi 2.4, ambayo tayari yalikuwa yakitumiwa na oveni za maikrowevu. Uamuzi huo ndio uliotuzalia Wi-Fi, na sina shaka ulikuwa na busara. Ila uwanja usio na mlinzi hujaa. Kila kifaa hulazimika kusikiliza kwanza. Kikisikia kingine kinazungumza kwenye chaneli ile, kinasubiri. Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana kwa kawaida ni tatu tu: 1, 6 na 11. Barua pepe ikisubiri milisekunde 30, hakuna anayejali. Kwa gemu, muda huo ni karibu picha mbili.

Nintendo ndiyo iliyolielewa tatizo hili mapema kuliko wenzake. Wii U ya mwaka 2012 ilikuja na GamePad, padi yenye skrini ya inchi 6.2. Badala ya kuipitisha picha kwenye ruta ya nyumbani, mashine ilizungumza na padi moja kwa moja kwa masafa ya gigahezi 5, ambayo wakati huo yalikuwa na msongamano mdogo. Picha ilifika kwa wepesi ambao hata leo unastahili heshima. Gharama yake ilikuwa umbali: kiasi cha mita 8, na kuta zilipunguza zaidi. Wii U haikuuzika vizuri, lakini kosa halikuwa la redio yake.

Mwaka uliofuata PlayStation 4 iliruhusu karibu gemu zake zote zichezwe kwenye PS Vita, kimashine cha mkononi kilichorithi PSP. Hapo ndipo palipouma: Vita na PS4 ya kwanza zote zilijua gigahezi 2.4 peke yake. Kama PS4 nayo ilikuwa kwenye Wi-Fi, kila picha ilipita hewani mara mbili, kutoka kwenye mashine hadi kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta hadi kwa mchezaji, kwenye chaneli ileile iliyosongwa na simu na ruta za majirani.

PlayStation Portal, kimashine cha mkononi cha kuchezea gemu za PS5 kwa Remote Play, kilichotoka Novemba 2023 kikiwa na skrini ya inchi 8, kinatumia pia gigahezi 5. Sony inataka angalau megabiti 5 kwa sekunde na inashauri 15, kiasi ambacho Wi-Fi nyingi za leo zinakimudu. Bado picha huganda, kwa kuwa mawimbi ya gigahezi 5 huchoka upesi yakikutana na ukuta wa tofali au zege, na foleni ya kusubiri zamu haijafutwa.

Kwa hiyo, msomaji mwenye Portal, usikimbilie kununua kifurushi kikubwa zaidi. Nunua kwanza waya wa mtandao, uiunganishe PS5 na ruta, kisha ukae chumba kimoja na ruta hiyo. Nusu ya safari ya hewani itakuwa imeondolewa.